Land Rover Series III ya mwaka 1976: misimu mitatu ya tope kati ya Mtwara na Newala

Kwa misimu mitatu ya mvua mfululizo nimeendesha Land Rover Series III, ile ndefu ambayo mafundi wetu huitaja kwa namba tu, "mia na tisa", kati ya Mtwara mjini na vijiji vilivyo chini ya Newala. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya watu wanaoniuliza kila mara kama inafaa kununua gari la umri huo leo, wakati lami imefika mbali na magari ya Kijapani yamejaa kila mahali. Jibu langu ni kwamba linamfaa mtu mwenye kazi ya milima na tope, mradi aikague chesisi, yaani fremu inayobeba gari zima, kabla ya kutoa fedha. Lakini mtu ambaye safari zake nyingi ni za lami halimfai, hata akilipewa kwa bei ya kutupa.

Magari ya Series III yalitengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, yakiwa ni kizazi cha ukoo ulioanza mwaka 1948, kampuni ya Rover ilipolionyesha gari la kwanza mjini Amsterdam. Namba 109 ni umbali, kwa inchi, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Langu lina injini ya petroli ya lita 2.25, yenye nguvu za farasi zipatazo 70, kiasi ambacho gari dogo la abiria la siku hizi hukizidi bila shida. Nililinunua Masasi kwa mzee aliyelitumia miaka mingi kubebea magunia ya korosho, naye alinipa pamoja na funguo kitu ambacho sikukithamini siku ile: mkono wa chuma wa kuwashia injini kwa kuizungusha kutoka mbele. Betri ilipokufa nikiwa Kitangari, saa kumi na mbili asubuhi, mkono huo ndio ulionirudisha nyumbani.

Nianze na lami, kwa kuwa hapo hakuna mengi ya kusifu. Kutoka Mtwara hadi Mnivata ni kilomita 50 za barabara nzuri, na katika barabara hiyo gari hili hutulia likiwa kwenye mwendo wa kilomita 70 kwa saa. Ukilazimisha 90, kelele za gia na upepo unaopenya milangoni huwafanya watu waliokaa pamoja wapigiane kelele kana kwamba wako ng'ambo mbili za mto. Usukani una mchezo, yaani unauzungusha kidogo kabla magurudumu hayajaitika, na dereva asiyeuzoea huyumba huku na huku mpaka mkono wake ujifunze kusubiri. Breki ni za ngoma magurudumu yote manne, kwa hiyo nafasi ya kusimama lazima iwe kubwa kuliko ile uliyoizoea. Petroli nayo huliwa: kwenye lami mimi hupata kilomita sita kwa lita moja, na kwenye tope hushuka hadi nne. Safari ya Lindi, ambayo ni zaidi ya kilomita 100, huniacha na mgongo unaouma kwa sababu ya springi ngumu, na sijawahi kumshauri mtu amsafirishe mgonjwa kwa gari hili kama kuna gari jingine.

Mambo hubadilika pale lami inapokwisha na mvua kuanza. Asiyeujua uwanda wa Makonde hudhani kwamba tope lote ni moja, kumbe sivyo. Juu uwandani udongo ni mwekundu wenye mchanga, hunywa maji upesi, na saa chache baada ya mvua kukatika barabara hupitika hata kwa gari la kawaida. Shida iko ukingoni, pale njia inapoporomoka kutoka Newala kuelekea bonde la Ruvuma. Hapo maji ya mvua hukimbia katikati ya njia na kuchimba mfereji unaoweza kulimeza gurudumu zima, na udongo unaobaki pembeni hulainika kama ugali uliozidi maji. Chini kabisa bondeni kuna udongo mweusi wa mbuga, unaonata kwenye tairi mpaka meno yake yote yafunikwe na tairi iwe laini kama gunzi lililopukuchuliwa. Gari la kupanda na kushuka njia hiyo mwezi Februari linahitaji mwendo mdogo sana wenye nguvu isiyokatika, na hilo ndilo jambo ambalo Land Rover hii inalifanya vizuri kuliko gari lolote nililowahi kuliendesha.

Kando ya kijiti cha gia cha kawaida kuna vijiti viwili vifupi. Chenye kichwa cha njano hubonyezwa chini, na magurudumu ya mbele huanza kusukuma pamoja na ya nyuma. Chenye kichwa chekundu huvutwa nyuma, gari likiwa limesimama kabisa, na papo hapo gia zote huwa nzito huku magurudumu ya mbele yakiunganishwa yenyewe. Ukiwa katika namba moja nzito, gari hutembea taratibu kuliko mtu anayetembea kwa miguu, na injini haiombi mafuta zaidi. Unaweza kuondoa mguu kwenye mafuta nalo likaendelea kupanda likinguruma kwa sauti ileile. Waliozoea magari ya kisasa hukosea hapa kwa kuongeza mafuta wanapoona gari linapunguza mwendo. Tairi zikishaanza kuzunguka bila kushika, zimechimba kaburi lao. Mimi hutumia namba mbili nzito kupandia, si moja, kwa kuwa namba moja ina nguvu kiasi cha kuzifanya tairi ziteleze kabla hazijashika, na hiyo ya kwanza huihifadhi kwa ajili ya kuteremkia. Tairi zangu ni za 7.50-16, nyembamba, ambazo watu huziona kuwa za kizamani. Lakini wembamba huo ndio unaozifanya zikate tope la juu na kufikia udongo mgumu ulio chini yake.

Lina mpaka wake pia, na ni haki msomaji aujue. Ekseli zote mbili zina difu za kawaida, yaani gia zinazogawa nguvu kati ya gurudumu la kulia na la kushoto, ambazo hupeleka nguvu kwenye gurudumu lililo jepesi kuzunguka. Gurudumu moja la mbele likiingia mferejini na moja la nyuma likining'inia upande wa pili, gari husimama, na hakuna kijiti kitakacholisaidia. Nilisimama hivyo mara mbili katika msimu wa kwanza. Vijana wa kijijini walipanda nyuma, wakasimama juu ya boriti upande ule uliokuwa umeinuka, wakaruka kwa pamoja kila nilipoachia klachi, na gari likatoka.

Baadaye nilifurahi kujua kwamba huko Uingereza ufundi huohuo ni mchezo wenye kanuni zake. Chama cha magari ya kale kinachoitwa Vintage Sports-Car Club, kilichoanzishwa mwaka 1934, huandaa mashindano ambamo magari ya miaka ya 1920 na 1930 hupandishwa milima ya tope, na alama hutolewa kwa kadiri gari lilivyofika mbali kabla ya kusimama. Abiria wa magari hayo wana kazi maalumu: hurukaruka kwenye viti vyao ili tairi zishike. Magari hayo hayana nguvu ya magurudumu yote manne, nayo hupanda. Hapo nilithibitisha jambo nililokuwa nikilihisi, kwamba kupanda mlima wa tope ni suala la uzito kukaa mahali pake na mguu wa dereva kutulia, na vijiti vyekundu na vya njano huja baada ya hayo. Tangu hapo sipandi ukingo ule gari likiwa tupu. Hubeba mifuko minne ya mchanga nyuma, na kupunguza upepo wa tairi za nyuma hadi paundi 20 (psi).

Jambo lililonitia hofu kuliko yote halikusababishwa na gari bali na spea. Katika msimu wa pili nilinunua raba za silinda za breki kutoka duka moja ambalo muuzaji wake aliniapia kuwa ni halisi. Wiki tatu baadaye, nikiwa nateremka na abiria watano na shehena ya saruji, pedali ilizama hadi sakafuni bila kukuta kitu. Namshukuru Mungu kwamba nilikuwa tayari katika namba moja nzito. Injini ililishikilia gari mpaka chini, pasipo breki hata chembe, huku mama mmoja aliyekaa nyuma yangu akisoma dua kwa sauti. Tulipofungua ngoma, raba zilikuwa zimevimba na kulainika kama uyoga uliolowa, na mafuta yote ya breki yalikuwa yamemwagikia ndani. Tangu siku hiyo nina kanuni mbili: raba mpya hulowekwa kwenye kikombe cha mafuta ya breki kwa siku mbili kabla ya kufungwa, na inayobadilika umbo haifungwi, na hakuna mteremko ninaoushuka kwa kutegemea breki peke yake. Kanuni ya pili ningemwomba kila dereva wa gari la kale aishike, hata kama breki zake ni mpya.

Kuhusu maji, tahadhari ni chache lakini hazikwepeki. Chini ya nyumba ya klachi kuna tundu dogo la kutolea mafuta yanayovuja, nalo lina kizibo chake cha kufungwa kabla ya kuvuka mto na kufunguliwa baada ya hapo. Magari mengi yaliyoko huku yamekipoteza, na wenye magari hushangaa klachi inapoanza kuteleza. Feni ya injini nayo hurusha maji moja kwa moja kwenye nyaya za plagi, kwa hiyo nimekata mpira wa ndani wa baiskeli vipande vya urefu wa kidole na kuvivisha kwenye kila kichwa cha waya. Gharama yake haikufika shilingi elfu mbili, na tangu hapo injini haijanizimikia majini. Ukishavuka, kanyaga breki kidogokidogo huku ukitembea mpaka ngoma zikauke. Tena, anayepanda uwandani abebe madumu mawili ya maji kwa ajili ya rejeta, maana huko juu maji ni kitu cha kuombwa kwa heshima, na si vizuri kumnyang'anya mtu ndoo yake ya kupikia kwa sababu gari lako limechemka.

Sasa nifike kwenye chesisi, ambayo ndiyo inayoamua kila kitu. Watu huona bodi ya aluminiamu isiyo na kutu na kuamini kwamba gari lote ni zima. Chesisi ni ya chuma, imeundwa kama boksi refu lenye uwazi ndani, na tope likiingia humo hubaki na unyevu wake miezi mingi. Chuma huliwa kutoka ndani wakati rangi ya nje inang'aa. Sisi wa pwani tuna chumvi ya bahari juu ya hayo. Gari lililolala miaka kumi Mikindani huwa limeliwa zaidi kuliko lile lililofanya kazi miaka thelathini Masasi, na nimeyaona kwa macho yangu yote mawili, yakiwa yameegeshwa pamoja. Unapokwenda kununua, lala chini ya gari ukiwa na nyundo ndogo, ugonge kuanzia mbele hadi boriti ya nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa mlio mfu, na mara nyingine nyundo hupenya. Injini inaweza kuundwa upya kwa mikono ya fundi wa kawaida, gia boksi vilevile, nyaya za umeme unaweza kuzibadilisha mwenyewe katika mwisho wa wiki, lakini chesisi iliyooza itakumalizia akiba yako kipande kwa kipande.

Fundi wangu, mzee aliyeanza kazi hii akiwa kijana, aliniambia siku ya kwanza: "Mjomba, hili gari litakwambia kila linachougua, wewe tu uzime redio." Ni kweli kabisa. Mafuta yakivuja kwenye tufe la chuma ambalo gurudumu la mbele hugeukia, utayaona kabla hayajaisha. Ekseli ikianza kulegea, utaisikia wiki nzima kabla haijakatika. Spea bado zinapatikana Dar es Salaam, na nyingi zinafika Mtwara kwa basi siku ya pili, ingawa ubora wake unataka jicho kali kama nilivyoeleza. Kila mwezi hutenga fedha ya matengenezo iwe gari limeugua au halikuugua, na kwa hesabu zangu za misimu mitatu, gharama hiyo ni ndogo kuliko ile niliyokuwa nikilipa kukodi trekta la kuvuta gari langu la awali kutoka kwenye tope.

Kwa sasa gari liko juu ya magogo gerejini. Nilipoligonga baada ya mvua za mwaka huu, boriti ya nyuma, ileile waliyoirukia vijana wa kijijini, ilitoa mlio mfu upande wa kulia. Imekatwa, na fundi anaunda nyingine kwa bamba la milimita 3. Nimemwomba aache tundu la kutolea maji katika kila pembe ya chini, kubwa kiasi cha kupitisha kidole, ili nilisafishe kwa kijiti kila nitakaporudi kutoka bondeni mvua za Desemba zitakapoanza.