Pedi za breki za pikapu na lori dogo: tibu mtetemo kwanza, kisha chagua pedi

Swali wanaloulizwa mafundi kila mara ni hili: "Nikikanyaga breki usukani unatetemeka, ninunue pedi gani?" Jibu langu ni kwamba usinunue kitu bado. Pedi (kipande kinachobana ili kusimamisha gari) ikiwa mpya na ikawekwa juu ya diski (sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu) yenye kasoro hukupa raha ya siku chache, halafu mtetemo unarudi, na wakati huo pedi yenyewe imeshakula upande. Nimelifanya kosa hilo kwenye pikapu yangu. Nilibadilisha pedi mara mbili kabla ya kuvua diski na kukuta kutu imejijenga nyuma yake, kwenye uso wa habu, yaani kitovu ambacho diski na gurudumu hufungwa. Ukiipapasa kwa kidole, haikuzidi unene wa karatasi. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikinitikisa mikono muda wote ule.

Ninayoyasema hapa yanahusu pikapu na malori madogo yenye breki za mafuta na diski, angalau kwa mbele. Malori makubwa ya breki za upepo yana vifaa vyake na taratibu zake.

Mtetemo unatoka wapi?

Anza na gari likiwa kwenye mwendo, bila kugusa breki. Likitetemeka hata hapo, tatizo si pedi. Angalia balansi ya matairi, rimu iliyopinda, beringi, au viungo vya usukani vilivyolegea. Mtetemo unaokuja tu unapokanyaga breki ndio unaotuhusu. Ukiusikia mikononi, kwenye usukani, chanzo kwa kawaida ni diski za mbele. Ukiusikia kwenye kiti na sakafuni, tazama nyuma, na pikapu nyingi huko nyuma zina ngoma (mkebe wa chuma unaozunguka, badala ya diski), ambazo nazo hupoteza uviringo wake.

Kuna jaribio moja rahisi. Kwenye barabara iliyonyooka na isiyo na magari, ukiwa mwendo mdogo, vuta breki ya mkono polepole huku umebonyeza kitufe chake ili uweze kuiachia mara moja. Mtetemo ukitokea, umeshajua uko nyuma. Jaribio hili linafaa kwa gari ambalo breki ya mkono hutumia ngoma zilezile za breki ya mguu. Gari lenye diski nyuma na kingoma kidogo cha breki ya mkono ndani yake halitakuambia kitu.

Usichanganye mtetemo huu na mdundo wa haraka wa ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge) unaousikia mguuni unapokanyaga kwa nguvu kwenye utelezi. Huo ni mfumo unafanya kazi yake.

"Diski imepinda" mara nyingi haijapinda

Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa. Kinachotokea hasa ni kwamba diski haikukaa sawasawa kwenye habu, iwe kwa kutu, kwa uchafu, au kwa nati za gurudumu zilizokazwa ovyo. Kwa hiyo inayumba kidogo inapozunguka, tuseme sehemu ya kumi ya milimita. Kila mzunguko, sehemu ileile ya diski inagusa pedi hata kama hujakanyaga breki. Kilomita elfu kadhaa baadaye sehemu ile imelika na diski haina tena unene mmoja. Ukikanyaga breki, sehemu nene inaisukuma pedi nyuma, sehemu nyembamba inaiachia, na mapigo hayo yanapanda hadi kwenye pedali na usukani. Tofauti ya unene ya 0.02 mm tu inatosha kuhisiwa. Huwezi kuiona kwa macho.

Njia ya pili ni ya joto. Umeshuka mteremko mrefu na mzigo, breki zimewaka, ukasimama ghafla na ukaendelea kukanyaga. Pedi inaacha alama yake kwenye diski kama muhuri. Pale palipogandiwa panashika zaidi kuliko pengine, panapata joto zaidi, na joto likipita kiasi cha nyuzi 650 za Selsiasi chuma cha diski kinaanza kubadilika na kuwa kigumu kama kioo. Utaona madoa ya rangi ya bluu au meusi. Madoa hayo yakishaingia ndani, kuchonga uso wa juu hakuyaondoi, na ndiyo maana wengine huchonga diski leo na mtetemo ukarudi baada ya wiki chache.

Upimaji unahitaji vifaa viwili: mikrometa ya kupimia unene, na ile saa ya kupimia yenye mshale. Kwanza funga diski kwenye habu kwa nati zote, maana diski isiyobanwa itakudanganya. Pima unene sehemu nane kuizunguka, kiasi cha milimita 10 hadi 15 kutoka ukingoni. Kisha weka ncha ya saa kwenye uso na uzungushe diski polepole. Kitabu cha gari lako ndicho chenye kipimo cha mwisho, lakini watengenezaji wengi hawaruhusu kuyumba kuzidi kati ya 0.05 na 0.10 mm. Ikiwa inazidi, ivue, safisha habu kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, irudishe, upime tena. Mara nyingi kazi inaishia hapo. Ikikataa, igeuze tundu moja mbele na upime tena. Isipokubali popote, pima habu yenyewe na beringi yake.

Ukiwa hapo chini, linganisha pedi za gurudumu moja. Ya ndani ikiwa imeisha na ya nje bado nene, au kinyume chake, kalipa (kifaa kinachozibana pedi kwenye diski) inakwama: ama pini zake za kutelezea zimekauka, ama pistoni imeshika kutu. Hakuna pedi duniani itakayodumu kwenye kalipa ya namna hiyo.

Diski: mpya au ya kuchongwa?

Kila diski ina unene wa chini uliopigwa muhuri juu yake, kwa kawaida baada ya herufi MIN TH. Diski ikifika hapo, au ikiwa itafika hapo baada ya kuchongwa, itupe. Ikiwa bado ina nyama ya kutosha na haina madoa magumu, kuchonga kunakubalika, na kuchonga ikiwa juu ya gari lenyewe ni bora kuliko kuipeleka kwenye mashine ya mezani, kwa sababu kunaondoa pamoja na kasoro ndogo za habu. Kwa gari la mzigo, mimi hununua mpya, zote mbili za ekseli moja kwa pamoja.

Achana na diski za matundu. Zinapendeza, lakini kwenye gari la mzigo nyufa hupenda kuanzia kwenye yale matundu. Diski ya kawaida yenye njia za hewa katikati na uzito kamili wa chuma ndiyo inayobeba joto. Nasisitiza joto kwa sababu gari la tani 3 likisimama kutoka kilomita 100 kwa saa huzalisha joto la kuchemsha zaidi ya lita tatu za maji ya baridi, na linazalishwa ndani ya sekunde chache. Ukizidisha uzito mara mbili, joto nalo ni mara mbili. Ukizidisha mwendo mara mbili, joto ni mara nne.

Pedi, kwa mpangilio wangu

Mpangilio huu ni wa gari linalofanya kazi, yaani linalobeba mzigo au kuvuta tela walau mara kwa mara.

*1. Nusu-metali za kazi nzito.* Hizi zina chuma, kwa kawaida asilimia 30 hadi 65 ya uzito wake: nyuzi za chuma, unga wa chuma, wakati mwingine shaba, vikichanganywa na grafiti na gundi ya kuhimili moto. Sababu ya kuziweka juu ni moja tu: zikipata joto haziachi kushika haraka. Kwenye mteremko mrefu, ukiwa umejaza, hicho ndicho kitu pekee unachokihitaji kutoka kwenye pedi. Ubaya wake ni wa kweli. Zinalia zaidi, zinachafua rimu kwa vumbi jeusi, zinakula diski upesi kidogo, na asubuhi zikiwa za baridi ukikanyaga kwa mara ya kwanza unaweza kuhisi ugumu. Nayakubali yote hayo. Lakini tafuta zilizoandikwa kwa kazi nzito au kuvuta, maana jina "nusu-metali" peke yake hubeba pedi nzuri na pedi dhaifu vilevile.

*2. Orijino za kampuni ya gari.* Zimejaribiwa na diski zilezile, kalipa zilezile, na uzito kamili ulioruhusiwa wa gari lako. Kama hujaongeza rimu kubwa, bodi nzito wala spring za ziada, na hubebi kupita kiwango, hutakosea kuzinunua. Zingekuwa namba moja kwangu kama watu wangebeba kiwango kilichoandikwa kwenye kibati cha mlango. Kwa mwenye shaka na asiyetaka kusoma zaidi, chukua hizi.

*3. Seramiki.* Ni kimya, vumbi lake ni jepesi na haligandi kwenye rimu, na hudumu. Kwa pikapu inayotumika kama gari la familia, bodi tupu siku nyingi, ningezipandisha kuwa za kwanza. Tatizo ni mzigo: seramiki nyingi za kawaida zikichemshwa mara kwa mara hupoteza mshiko mapema kuliko nusu-metali nzuri. Zipo seramiki zilizotengenezwa kwa ajili ya magari mazito, na hizo ni habari nyingine. Hakikisha boksi linasema hivyo waziwazi.

*4. Ogani.* Nyuzi zisizo za chuma, laini, hazili diski, bei yake huwa ya chini. Zinaisha haraka na joto linazishinda. Gari dogo la mjini, sawa. Gari la mzigo, hapana.

Chini ya zote ni pedi isiyo na maandishi. Sikuipa namba kwa sababu sitaki mtu aifikirie kama chaguo. Kwenye gari lenye tani mbili nyuma yako, pedi ambayo mtengenezaji wake hakutaka kuweka jina ni hatari kwako na kwa anayevuka barabara.

Soma ukingo wa pedi kabla ya kulipa

Kwenye ukingo au mgongo wa pedi nyingi kuna herufi mbili, kama FF au GG. Ya kwanza ni mshiko katika joto la kawaida, ya pili ni mshiko ikiwa moto. Kwa kipimo cha msuguano, E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa mzigo nataka FF au zaidi, na sipendi herufi ya pili iwe chini ya ya kwanza, kwa sababu hiyo ni pedi inayokuacha mkono wakati wa shida. Herufi hizi hazisemi lolote kuhusu muda pedi itakaodumu. Ukiona A, B au N mwishoni, hizo ni habari za mazingira: N maana yake shaba haifiki asilimia 0.5.

Alama ya E ndani ya duara pamoja na 90R inaonyesha pedi imepita kanuni ya Umoja wa Mataifa ya R90, inayodai utendaji wake usitofautiane na wa pedi ya orijino kwa zaidi ya asilimia 15. Nikiikuta, natulia.

Angalia pia nyama, yaani sehemu ya pedi inayosugua diski, ilivyoshikamana na bamba la chuma. Gundi peke yake huweza kuachia kutu ikiingia, kwa hiyo bamba lenye vijino vinavyoing'ata nyama ni bora kwa gari linalopita matope na maji. Kingo zilizokatwa mshazari hupunguza makelele. Na seti iwe na vibanio vyake vipya. Kuokoa vibanio vya zamani vyenye kutu ni kuikwamisha pedi mpya kabla haijaanza kazi.

Kuzifunga

Usipulize vumbi la breki kwa hewa ya kompresa. Pedi za zamani huenda zina asbesto. Lowesha kwa dawa ya kusafishia breki na ufute. Pini za kalipa zipakwe grisi ya breki isiyo ya petroli, maana grisi ya kawaida huvimbisha mpira. Diski mpya ioshwe mafuta yake ya kiwandani. Nati zikazwe kwa mpangilio wa nyota, kwa spana yenye kipimo, kufuata namba ya kitabu. Bunduki ya hewa inayokaza mpaka mwisho ndiyo huanzisha upya ugonjwa wote niliousimulia.

Kisha zizoeze. Kutoka kilomita 50 kwa saa, punguza mwendo taratibu mara 30 hivi, ukiacha nusu dakika kati ya mara moja na nyingine ili zipoe. Katikati ya zoezi usisimame kabisa huku umekanyaga pedali, usije ukapiga ule muhuri kwenye diski mpya. Baada ya kilomita 50 hadi 100 kaza nati tena kwa spana ileile, na mzigo mzito usubiri mpaka kilomita 300 zimepita.