Kuhesabu seli au kupima zilivyojipanga?

Kwenye picha za tishu za utumbo wenye uvimbe sugu, programu inaweza kuhesabu seli tu. Ni njia ya haraka. Lakini nutrofili (aina ya seli nyeupe za damu) zikishapenya kuta za kripti, yaani vishimo vidogo vya ukuta wa utumbo, ugonjwa umepamba moto. Seli za plazma, zinazotengeneza kingamwili, zikijazana chini ya kripti, uvimbe ni wa muda mrefu. Hesabu tupu haioni hayo.

Kipimo cha mpangilio, mfano fomula K ya mwanatakwimu Ripley ya miaka ya 1970, huuliza kila seli ina majirani wangapi ndani ya umbali fulani. Kinadai picha safi, na tishu iliyokatwa mshazari hukipotosha. Bado nakichagua, hasa kwa ugonjwa wa Crohn (aina ya uvimbe sugu wa utumbo), maana granuloma, kivimbe kinachoweza kuonekana katika ugonjwa huo, yenyewe ni mkusanyiko wa seli.