JJ-CCR: kabla ya kuinunua, ulizia chokaa na seli

Ninayotumia ni JJ-CCR, ribridha (mashine ya kuzamia inayorudisha pumzi) ya Denmark. Swali la kwanza la kila mzamiaji anayeiona ni lile lile: ina nini kuliko mtungi wa kawaida? Jibu ni hesabu. Ukiwa mita 30 na unavuta lita 20 kwa dakika, regulata ya kawaida inakula lita 80, maana mgandamizo huko ni mara nne ya juu ya maji. Mtungi wa lita 12 wenye bar 200 una lita 2,400. Ni nusu saa, tena hujatenga akiba.

Ribridha haimwagi pumzi yako baharini. Inaipitisha kwenye chokaa inayonyonya hewa ukaa, inaongeza oksijeni uliyoitumia, kisha unaivuta tena. Mwili hutumia takriban lita moja ya oksijeni kwa dakika, uwe mita 5 au mita 50. Mtungi wa oksijeni wa lita 3 ukijazwa bar 200 unakupa lita 600. Kinachoisha kwanza ni chokaa, si gesi.

Kwa hiyo anza na chokaa. Kopo la JJ linameza takriban kilo 2.5 za Sofnolime 797, chapa ya chokaa yenye punje za milimita 1 hadi 2.5. Kwa sisi wa pwani ya Afrika Mashariki, iliyo rahisi kupatikana ni ile ya mashine za nusukaputi hospitalini, na mara nyingi punje zake ni kubwa zaidi. Punje kubwa zina uso mdogo wa kunyonyea, kwa hiyo ile idadi ya saa iliyopimwa na kiwanda haikuhusu tena. Kabla hujalipia mashine, jua gunia au ndoo inayofuata ya chokaa itatoka wapi.

Ujazaji ndio unaoamua. Mimina tabaka moja, gonga ubavu wa kopo kwa kiganja, ongeza, gonga tena, mpaka punje ziache kushuka. Kisha litikise karibu na sikio. Likilia kama kayamba, kuna uwazi ndani, na pumzi itapita hapo bila kusafishwa. Oringi ya kopo (mpira wa kuziba) ikisahaulika, matokeo ni hayo hayo: kichwa kinauma, unahema, hofu inakupanda bila sababu. Andika dakika ulizotumia kwenye kipande cha plasta na ukibandike juu ya kopo. Rangi usiiamini, kwani chokaa iliyochoka ikipumzika usiku kucha inaweza kurudi kuonekana mpya.

Adui mwingine ni maji. Yakifika kwenye chokaa hugeuka uji mkali unaounguza koo. Ndiyo maana valvu ya mdomoni hufungwa kabla ya kutolewa kinywani, kila mara, hata ukiwa umeshika ngazi ya mashua.

Sasa seli za oksijeni, yaani vipimo vinavyosoma oksijeni unayovuta, ambazo kwangu ndizo roho ya mashine. Ni tatu. Chukua seli inayotoa milivolti 10.5 hewani: kwenye oksijeni tupu inapaswa kukaribia 50, kwa sababu 1 ukiigawa kwa 0.21 unapata 4.76. Lakini hicho ni kipimo cha juu ya maji tu. Seli iliyozeeka hufaulu hapo, halafu chini hukwama kwenye mgandamizo wa oksijeni wa bar 1.1. Kompyuta imeagizwa kushikilia 1.3, inadhani oksijeni haitoshi, inaendelea kufungua solenoidi, valvu ya umeme inayoingiza oksijeni. Ukivuka 1.6 unakaribisha degedege. Ukishuka chini ya 0.16 uko hatarini, na ukizidi kushuka unaweza kuzimia bila dalili yoyote. Ubaya zaidi, seli mbili mbovu zinazokubaliana huishinda ile moja nzima, kwa sababu mashine hupiga kura. Zangu nazibadilisha kila baada ya miezi 12 na sinunui zote tatu kwa mkupuo mmoja. Soma tarehe ya kutengenezwa, si ya kuuziwa: kuna duka liliniuzia “mpya” iliyokwisha kaa kwenye pakiti karibu mwaka.

Kuhusu mashine yenyewe sina manung'uniko mengi. Kompyuta ni za kampuni ya Shearwater, na taa ndogo mbele ya jicho inakuonya hata usipotazama mkono. Wapo wanaopenda rEvo, ribridha ya Ubelgiji, kwa makopo yake mawili ya chokaa, na inapatikana pia kwa mfumo ambao oksijeni inatiririka kidogo kidogo na mzamiaji mwenyewe anajazia kwa kitufe. Mfumo huo unakulazimisha kutazama namba. Wa kielektroniki unabembeleza, na hilo ni kosa lake.

Mtungi wa dharura, wa kupumulia mashine ikikwama, usiuonee ubahili. Hewa ukaa ikikuzidi, pumzi hupanda hadi lita 40 au zaidi kwa dakika. Mita 30 hiyo ni lita 160. Mtungi wa alumini wa lita 11 wenye bar 200 hautafika dakika 14.

Kila asubuhi: vuta hewa yote mpaka mifuko ya kupumulia inywee na uone kama itabaki hivyo, ijaze uone kama inavuja, kisha pumua umekaa dakika 5 pua ikiwa imebanwa, macho kwenye namba. Hizo dakika 5 zinaonyesha kama oksijeni inaingia. Chokaa mbovu huenda zisiifichue. Na cheti cha JJ hakikuruhusu kuvaa mashine nyingine, kozi inafuata modeli.

Jioni fungua mabomba, suuza kwa maji baridi na dawa ya kuua vijidudu, yatundike kivulini. Kichwa chenye seli usikifungie na unyevu wake. Kwa joto letu, waya zitaota kutu ya kijani kabla seli hazijaisha.