Kijumba cha wawili shambani Tabora: asali kumi kwa kumi, jiko tatu kwa kumi

Jamani wenye ndoa zenu mnaoulizaga wapi mtu anaweza kwenda na mwenzie wikiendi bila kupanda ndege ya Zanzibar, hapa hapa Tabora ipo, ila nisikilizeni kwanza kabla hamjatuma hela. Jina siweki, nna ya kusifia na nna ya kulalamika. Ni njia ya Sikonge, unaacha lami unaingia kwenye miombo kwa barabara ya mchanga, kiangazi hata gari ndogo inafika, masika kuna kipande cha mbuga, ule udongo mweusi, hapo wanakuja kukuvuta na trekta na wanakwambia kabisa kwenye simu kabla hujalipa. Bei 85,000 kwa usiku, watu wawili, chakula hakimo, unajipikia mwenyewe. Watoto wetu walibaki kwa bibi yao Isevya.

Sasa nyumba yenyewe ni bani, yaani jengo la kukaushia majani ya tumbaku kwa moto. Ndiyo, bani la tumbaku lile lile la matofali ya kuchoma, refu kwenda juu, mwenye shamba aliacha tumbaku akaingia kwenye nyuki na ng'ombe, mabani yakabaki yamekaa tu, moja kalitoboa madirisha, kapiga sakafu, kaongeza choo na bafu kwa nyuma. Mume wangu kakulia Urambo kwenye tumbaku, kuingia tu akaangalia juu akaanza kucheka peke yake, kumbe kule juu zile fito za kuning'inizia majani hawajazitoa, wamezifunga taa. Basi jioni yote nikapewa somo, kwamba jani linakaa humo kama wiki, moto unalishwa kuni usiku na mchana, ukisinzia joto likayumba jani linaharibika na hela ya msimu ndo imeenda hivyo, kwa hiyo yeye utotoni usiku mwingi kaulala mlangoni mwa bani na kaka zake kwa zamu. Nimeishi naye miaka yote hii sikuwahi kuyasikia hayo. Kama ni mapenzi walikuwa wanauza basi hapo waliuza bila kujua, maana yale maua ya plastiki mekundu waliyomwaga kitandani na mataulo yaliyokunjwa mabata niliyatia yote kabatini.

Kuta nene, mchana ndani kuna ubaridi mzuri. Harufu ya tumbaku bado ipo kwa mbali, sisi haikutusumbua ila mwenye pumu au mjamzito aulize kwanza. Kitanda sita kwa sita, godoro gumu, neti nzima, mablanketi mawili mazito na yote mtayatumia, baridi ya Tabora ya Juni na Julai mnaijua. Maji ya moto yapo, pipa linachemshwa kwa kuni nje saa kumi na mbili jioni, mkichelewa kuoga mnaoga ya vuguvugu.

Haya, jiko. Ukishamwambia mtu aje ajipikie basi jiko ndo unalomuuzia, sio maua. Nimefungua kabati nikakuta glasi za waini nne, kifungulio cha waini, sahani za kioo nzuri kweli, mwiko hamna. Yaani Tabora hii, nyumba ya kupikia, mwiko hamna! Sufuria mbili, kubwa haina mfuniko na ndogo ni ya chai ya mtu mmoja. Kisu nyanya hakiikati, unaibonyeza mpaka inapasuka yenyewe. Aliyepanga lile jiko nadhani alikuwa anawaza wageni wanaokula mkate na jibini, hakuwaza mtu anakuja na unga wake kilo mbili. Na jiko la gesi la plet mbili lina mtungi mdogo, ukaisha maharage yakiwa bado magumu, nampigia msimamizi anasema mtungi wa akiba umepelekwa mjini kujazwa, namuuliza tangu lini, kimya. Haki yao niwape, ndani ya dakika chache tuliletewa jiko la mkaa na mkaa wake bila kudai hata mia, lakini tulikula saa tatu na nusu usiku na mume wangu akiwa na njaa sio mtu wa kuongea naye. Mwiko niliazima kwenye nyumba za wafanyakazi, nikapewa ule wa kusongea ugali wa msiba.

Hapo kwenye jiko wabadilike, sio hela nyingi. Kisu, mwiko, mifuniko, kinu kidogo cha karanga, mtungi wa pili. Hata laki mbili haifiki.

Ila sasa vya kupika! Hapa ndo nikawasamehe karibu yote. Mezani kuna daftari na kalamu, mnaenda kwa mama msimamizi mnachukua mnachotaka mnaandika wenyewe, mnalipa siku ya kuondoka. Maziwa 1,500 lita, yamekamuliwa asubuhi hiyo hiyo, ukiyachemsha yanatoa utando mnene mpaka unaukunja kwa kijiko. Mayai ya kienyeji 500. Mchicha, nyanya chungu, kisamvu kibichi cha kutwanga, karanga za kumenya, michembe na matobolwa kwa kopo, yaani viazi vitamu vya kukausha, michembe vinakaushwa vibichi na matobolwa vimechemshwa kwanza. Mimi matobolwa nilikuwa nayachemsha asubuhi nayatia kwenye maziwa mgando, hatukugusa mkate tuliotoka nao mjini. Kuku agizeni siku moja kabla, 20,000, wanamkamata jioni akishapanda kulala maana mchana kumfukuza ni kazi. Mama akija asubuhi anapita dirishani, "mwangaluka mayu, mmeamkaje, maziwa nilete?" na ukimjibu kwa Kinyamwezi anaongeza kikombe.

Halafu asali. Kijana anayeshughulikia nyuki kasoma Chuo cha Nyuki hapa hapa Tabora, anajua anachofanya na anapenda kuulizwa. Tulikuta ni msimu wa kurina, akasema mkitaka njooni giza likiingia, nyuki wetu hawa mchana ni wakali, mkavae mavazi. Tukavalishwa yale maovaroli meupe na wavu usoni, mume wangu suruali ikamwishia kwenye ugoko. Mizinga yao ni ya masanduku inaning'inia kwa waya mitini, zamani walitumia ya magome lakini mti ukiuchuna gome lote kuzunguka unakufa, na mti ndo wenye maua, kwa hiyo waliacha. Anapuliza moshi, anafungua, anainua sega moja moja anaimulika kwa tochi ya kichwani. Sega lililofunikwa nta juu analikata, lililo wazi analirudisha, anasema hilo nyuki hawajamaliza kulikausha, asali yake bado ina maji, ukiichanganya na nyingine chupa nzima itachacha. Na hamalizi yote, anawaachia wenyewe cha kula. Kipande alichotupa tulikitafuna pale pale na nta yake, cha moto bado, rangi ya chai ya rangi iliyokolea, kina moshi kidogo mwanzoni halafu utamu unakaa kooni muda mrefu. Nimekula asali ya Tabora tangu nazaliwa na ile ya sokoni nilidhani ndo hiyo hiyo, hapana.

Wanauza 12,000 lita. Ya nyuki wadogo wasiouma ipo pia, ina uchachu fulani, chupa ndogo na bei kubwa, sikununua. Kuna chupa zilikuwa zimeganda, msizikatae kwa kusema imetiwa sukari, asali kuganda ni kawaida, ukiiweka chupa kwenye maji ya moto inarudi.

Faragha sasa, maana ni kijumba cha wapenzi. Hili ni shamba la kazi, watu hawakusubiri nyie mje. Saa kumi na moja na nusu alfajiri ng'ombe wanapita nyuma ya ukuta na kengele zao, ndama wametengwa na mama zao wanalia, mchungaji anapiga mluzi, na pazia la dirisha la chumbani ni jepesi hilo, taa ikiwaka ndani nje wanaona sinema. Tulitundika shuka. Na vijana wa kazi wanafuata maji kwenye bomba ambalo lipo hatua chache tu kutoka kwenye baraza yenu, wana heshima, wanasalimia, shida ni kwamba wanasalimia kila wanapopita na wanapita sana. Bomba lihamishwe au wapande hata michongoma.

Mtandao upo ukisimama kwenye kichuguu, ndani hamna. Sola inatosha taa na chaji, friji wanaizima usiku.

Mchana wenye jua kali hakuna cha kufanya pale zaidi ya kulala, sisi siku ya kurudi tulipitia Kwihara kwenye tembe, ile nyumba ya udongo, alilokaa yule mmisionari Livingstone mwaka 1872, Stanley, mwandishi wa gazeti aliyekuja kumtafuta, alipoondoka kwenda pwani mwezi wa tatu Livingstone akabaki anasubiri wapagazi mpaka mwezi wa nane. Wakazi wengi wa Tabora mjini hawajawahi kufika, na ni karibu tu.

Kwa hiyo nani aende. Wanaopenda kupika pamoja waende, na wabebe kisu chao, mwiko, sufuria moja yenye mfuniko na khanga mbili za dirishani. Anayetaka kuletewa chai kitandani abaki hoteli za mjini. Mwezi wa sita na wa saba ndo wa asali, mkitaka maembe subirini mwishoni mwa mwaka ila muulizie trekta. Mnatuma nusu kwa simu, nusu mkifika, na risiti ya kuandika kwa mkono mnapewa mkiidai.