Jeli ya vidonda ya mkaratusi na fedha inayouzwa Mwanjelwa

Katika baadhi ya maduka ya dawa asilia yaliyo jirani na soko la Mwanjelwa, jijini Mbeya, inauzwa jeli ya vidonda ambayo mtengenezaji wake anaeleza kuwa imetokana na majani ya mkaratusi na madini ya fedha. Nimeipaka kwenye michubuko midogo ya shambani na nimeisoma karatasi yake ya maelezo neno kwa neno, na ni karatasi hiyo iliyonisukuma kuandika.

Sayansi inayotajwa humo ni ya kweli. Mkaratusi, ambao kuanzia Mufindi hadi Uyole hautafutwi mbali, una polifenoli nyingi, yaani viambata asilia vya mimea vinavyotoa elektroni kwa urahisi, kwenye majani yake. Maji yaliyochemshiwa majani hayo yakichanganywa na myeyusho wa nitrati ya fedha, polifenoli huzipa ayoni za fedha (atomi za fedha zenye chaji ya umeme) elektroni, nazo hugeuka kuwa chembe zisizozidi nanomita 100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), huku mchanganyiko ukibadilika rangi hadi kuwa wa kahawia. Viambata hivyohivyo vya majani huzifunika chembe zisishikamane, na kwa kuwa ndivyo pia vinavyotoa elektroni, hakuna haja ya kemikali kali ya kufanya kazi hiyo kama borohidridi ya sodiamu. Chembe huachilia ayoni zinazoharibu utando wa bakteria na kunasa kwenye protini zake zenye salfa. Hospitali nazo zimetumia krimu ya salfadiazini ya fedha kwa majeraha ya moto tangu miaka ya 1960.

Jeli yenyewe ni laini, haiwashi, na imewekwa katika chupa ya kahawia inayoikinga na mwanga, jambo linaloonyesha kuwa mtengenezaji anaijua kazi yake. Michubuko yangu ilipona bila usaha, ingawa michubuko iliyooshwa vizuri kwa maji na sabuni mara nyingi hupona hivyo hata bila dawa.

Kinachonisikitisha ni kwamba hakuna mahali palipoandikwa kiasi cha fedha kilichomo, ukubwa wa chembe, tarehe ya mwisho wa matumizi wala namba ya usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania. Baya zaidi, mgonjwa wa homa ya matumbo anashauriwa kunywa kijiko asubuhi na jioni. Fedha inayonywewa kwa muda mrefu hujilimbikiza mwilini na inaweza kuigeuza ngozi kuwa ya kijivu chenye ubuluu, rangi ambayo kwa kawaida haiondoki tena. Mwaka 1999 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kuwa dawa za aina hiyo zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliki kuwa salama wala zenye kufaa. Mgonjwa wa homa ya matumbo anahitaji kupimwa na kupewa antibayotiki sahihi mapema, na kila siku anayoipoteza kwa kijiko hicho inaweza kumfikisha kwenye utumbo uliotoboka.

Sentensi hiyo ya kunywa iondolewe kwanza, kabla ya toleo lolote jipya. Kiasi cha fedha na namba ya usajili vikiandikwa, nitainunua tena kwa ajili ya ngozi tu.