Safari ya gari-nyumba jangwani Arizona: uzoefu wangu na wakala wa hapa Mjini

Mimi si mwepesi wa kulalamika hadharani, lakini jawabu nililopewa na wakala mmoja wa safari hapa Mjini, Unguja, limenikaa kooni tangu kiangazi cha kule Marekani hadi leo.

Mpwa wangu anaishi Phoenix, na alitualika mimi na mke wangu tuzunguke naye kwa gari-nyumba katika jangwa la Sonora, upande wa Arizona unaopakana na Meksiko. Tulimkabidhi wakala kazi yote: tiketi, kukodi gari, na kutuwekea nafasi katika kambi ya Twin Peaks, ndani ya hifadhi ya Organ Pipe Cactus. Nilimuuliza mara mbili, mbele ya mke wangu ambaye ana kisukari, iwapo kambini kuna umeme wa kuunganisha gari. Alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta: "Mzee, hiyo ni Marekani."

Kambi ile ina nafasi 208 na hakuna hata moja yenye umeme. Taarifa hiyo haikufichwa. Huipata yeyote anayeitafuta, na kuitafuta ndiko nilikomlipia. Kiyoyozi cha juu ya paa la gari letu hakikuweza kuendeshwa na betri. Kilitaka umeme wa kambi au jenereta, na jenereta pale huwashwa kwa saa maalumu tu. Naye alitupeleka katika msimu ambao joto la mchana hupindukia nyuzi 40. Jokofu, namshukuru Mungu, lilikwenda kwa gesi, kwa hiyo insulini ilisalimika. Sisi wenyewe tuliiva mle ndani kama mikate ya mofa.

Nilimpigia simu saa tano za usiku, ambazo hapa ni saa tatu za asubuhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka: "Kwani mzee, Zanzibar umeme haukatiki?"

Mimi nilikuwapo Unguja ilipokaa kiza kwa takribani miezi 3, tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, umeme wa kutoka Bara ulipokatika. Tulilala barazani, upepo wa bahari ukitupepea, wala hakuna aliyetutoza hata senti kwa kutuletea kiza kile. Kunifanyia mzaha wa msiba huo, ilhali mke wangu anajipepea kwa kifuniko cha sufuria, ni utovu wa adabu ambao sikuutegemea kwa kijana aliyelelewa hapa hapa.

Asubuhi tulihamia Ajo, kwenye kambi ya kulipia yenye umeme, tukapitia kijiji kinachoitwa Why, yaani "Kwa nini". Jina hilo limetokana na njia panda yenye umbo la herufi Y, ingawa siku hiyo nililisoma bango lile kama swali ninaloulizwa mimi.

Kwa haki, alitutahadharisha kwamba gari la kukodi lisivushwe mpaka, na kwamba pasipoti ziwe karibu kwa sababu askari wa mpaka husimamisha magari hata ndani ya nchi. Hilo lilikuwa kweli, na lilituokolea usumbufu. Nilikuwa nimeamua kumpa nyota 1, nikaongeza ya pili kwa ajili hiyo. Mke wangu, aliyeteseka kuliko mimi, anataka nimpe 4, kwa kuwa alfajiri ile alisali nje, mbele ya madungusi kakati marefu kama minara, chini ya nyota ambazo anasema hajaziona tangu utotoni kwao Micheweni. Nilikaribia kukubali. Kisha nikakumbuka kile kicheko, na nyota ya pili nimeifuta.

Tangu hapo ameshakwenda ofisini kwa yule kijana kuulizia bei za Januari, wakati kule kuna baridi ya wastani. Mimi sikupanda ngazi. Nilimsubiri chini.