Copernicus Browser kwa kufuatilia mafuriko: rada ndiyo mpango mzima

Kama unataka kuona mafuriko kutoka angani, achana na picha za kawaida. Masika yakikolea, Sentinel-2, satelaiti inayopiga picha za kawaida, inakuletea mawingu matupu, meupe pe. Mimi natumia Copernicus Browser, tovuti ya bure ya Umoja wa Ulaya, na humo ninachokifuata hasa ni rada ya satelaiti za Sentinel-1. Rada haijali wingu wala giza: inatuma mawimbi yake yenyewe na kupima yanayorudi. Maji yaliyotulia huyatupa pembeni, ndiyo maana kwenye picha yanatokea meusi tii.

Nimeitumia sana kwa bonde la Rufiji, mto ulipofurika Aprili 2024. Nilichukua picha ya kiangazi, Septemba 2023, nikaweka juu yake ile ya Aprili, nikawa navuta kitelezi cha kulinganisha huku na huku. Mto uliokuwa kama uzi umesambaa hadi mashambani. Bila picha ya kiangazi utadanganyika, maana mabwawa ya siku zote nayo ni meusi.

Mitego haikosekani. Upepo ukichafua maji, yanang'aa na utadhani ni nchi kavu. Chini ya miembe iliyofungamana usitegemee kuona kitu. Tena pikseli, yaani kitone kimoja cha picha, ni mita 10 kwa 10 ardhini, kwa hiyo shangazi aliponipigia, "Mwanangu, maji yamefika uani kwangu?", nilimjibu kwamba mashamba ya bondeni yamezama, ila habari za uani amuulize jirani.

Kwenye tathmini yangu, nyota moja naikata kwa sababu ya muda. Satelaiti moja hurudia njia ile ile baada ya siku 12. Sentinel-1B, pacha wa 1A, ilikufa Desemba 2021 na 1C ikarushwa Desemba 2024, kwa hiyo Rufiji ilifurika wakati angani imebaki 1A peke yake. Katika siku 12 mto unaweza kupanda na kushuka usionekane kabisa. Kwa tahadhari, sikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Hii ni ya kujua maji yalifika wapi, na kwangu hapo haina mpinzani, hasa mtu akitaka kununua kiwanja bondeni.

Tumia kompyuta. Na usipakue faili ghafi la rada, linakaribia gigabaiti 1. Hifadhi picha ya eneo lako tu, bando lisije likakatika.